Nasaha kwa Waliotimia Miaka Arubaini

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora, akampa mwili kuwa amana, na umri kuwa rasilimali. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Amma baad. Haya ni maneno machache niwaandikiayo ndugu zangu wa pwani: walioko nyumbani Tanga na Pangani, Bagamoyo na Mombasa, Lamu na Unguja, na wale waliotoka huko kama nilivyotoka mimi, wakaja bara kutafuta riziki. Mimi ni mwalimu wa chuo na madrasa hapa Nyarugusu, katika wilaya ya Geita. Wala si ile Nyarugusu ya Kasulu yenye kambi ya wakimbizi. Hii ni Nyarugusu ya dhahabu, ambapo kila upande uelekeapo utaona maduara ya wachimbaji na kusikia makarasha yakisaga mawe. Sikuja kuchimba, nalikuja kusomesha watoto wa wachimbaji. Lakini mtu akikaa katika mji, mambo ya mji humgusa, naye hana budi kusema aliyoyaona.

Nasema kwanza kosa langu, ili msomaji ajue kwa nini nimeandika. Ijumaa moja, baada ya swala, walikuja watumishi wa zahanati wakaomba ruhusa waweke meza barazani pa msikiti, wawapime watu nguvu ya damu, ile iitwayo presha, na sukari. Imamu akawatangaza. Watu wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wao, na ndevu zangu zimekwisha kuwa nyeupe. Nami nikaona haya kukunja mkono wa kanzu mbele ya wanafunzi wangu, nikasema, “Nina darasa,” nikavaa viatu nikatoka. Nilipogeuka nyuma nikaona watu wazima kumi au zaidi wametoka nyuma yangu. Miongoni mwao alikuwamo mtu wa kwetu pwani, mwenye miaka 52, mwenye sauti nzuri ya adhana. Akanicheka akaniambia, “Mwalimu, atafutaye ugonjwa huupata.” Nami nikacheka pamoja naye.

Haikupita miezi minne. Alfajiri moja hatukusikia adhana. Tukamkuta penye birika la udhu, ameanguka, upande wake wa kuume umekufa na ulimi umemwia mzito. Alipopimwa hospitali, tabibu alisema kuwa damu yake ilikuwa na nguvu nyingi mno, na ya kuwa yamkini imekuwa hivyo kwa miaka, wala mwenyewe hakujua. Yu hai hata leo, alhamdulillahi. Lakini ile sauti imekwenda, na mkewe ndiye amtawadhishaye. Kila nimwonapo nakumbuka viatu vyangu Ijumaa ile. Lau mimi ningalikaa, naye angalikaa. Sisemi kuwa kadari ingaligeuka. Hilo analijua Mwenyezi Mungu peke yake. Nasema kuwa mimi nilikuwa sababu ya mtu kuacha sababu, na deni hili nalilipa kwa waraka huu.

Siku ya pili yake nikaenda kupimwa. Tarakimu zangu zilikuwa 168 juu na 100 chini. Sikuwa na maumivu yoyote. Kichwa hakikuniuma, wala moyo haukunienda mbio. Nikajua ya kuwa mimi na yule ndugu tulikuwa katika njia moja, ila yeye alinitangulia kufika.

Ndugu zangu, tazameni ada ya mji huu. Hapana mwenye duka la dhahabu asiye na mizani. Chembe ndogo kuliko punje ya mtama hupimwa, na watu wawili hushindana kwa sehemu ya kumi ya gramu. Na mcha Mungu katika wao huhesabu mali yake kila mwaka, aijue zaka yake. Basi huyu apimaye chembe ya mchanga wa manjano, mbona hajui uzito wa mwili wake, wala nguvu ya damu yake, wala sukari yake? Mali tutaulizwa, na mwili tutaulizwa. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa mja hataondoka mahali pa hisabu mpaka aulizwe umri wake aliumalizia wapi, na mwili wake aliuchakaza katika jambo gani. Na katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya Abdullah bin Amr, alipojitaabisha mno kwa kufunga na kuswali, Mtume akamjulisha ya kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa mwili una haki juu ya mwenye kuuchosha kwa ibada, itakuwaje kwa mwenye kuuchosha kwa dunia?

Na kwa nini nikasema miaka arubaini? Kwa sababu Mwenyezi Mungu katika Suratul Ahqaf ameutaja umri huo kuwa ni wakati mtu atimiapo nguvu zake, kisha akamtaja mja mwema kuwa huomba aafikiwe kushukuru neema na kutenda mema. Huo ndio umri wa mtu kusimama na kujihesabu. Na matabibu nao, katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa zahanati ndogo, wameutaja umri uliopita miaka 40 kuwa ni mmoja wa milango ya kumpima mtu hatari ya moyo na kiharusi, hata kama hakuja na ugonjwa.

Sasa na tuzitazame hoja za watu.

Hoja ya kwanza ni ya mwenye kusema, “Mimi namtegemea Mungu.” Nasi twasema: vema, lakini kutegemea hakuvunji sababu. Yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga alifundishwa na Mtume amfunge, kisha ategemee. Na Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, alipokwenda Sham akapata habari ya tauni, alirejea na watu wake kutoka Sargh. Na alipoulizwa kama aikimbia kadari, alibainisha kuwa aondoka katika kadari ya Mungu na kwenda katika kadari ya Mungu. Na mabedui walipomwuliza Mtume kama watafute dawa, aliwaamrisha watafute, akawaeleza kuwa kila maradhi yamewekewa dawa ila uzee. Katika madhhebu yetu ya Imamu Shafi'i kujitibu ni suna, na Imamu Ghazali ameihesabu elimu ya tibabu katika fardhi za kifaya, ambazo mji mzima hupata dhambi ukizikosa. Na sababu haiwezi kutumiwa na asiyejua kuwa aihitaji. Basi kupima ndio mlango wa kujitibu.

Hoja ya pili ni ya mwenye kusema, “Siumwi na kitu.” Huyu amedhani maradhi yote hubisha hodi. Maradhi ya vijana, kama homa, hupiga kelele. Lakini maradhi mengi ya watu wazima huingia kimya kama mchwa katika boriti: rangi ya mlango ni ile ile, mpaka siku nyumba iangukapo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kuwa watu milioni 1,280 wa umri wa miaka 30 hata 79 wana nguvu ya damu iliyozidi, na ya kuwa watu 46 katika kila 100 miongoni mwao hawajui. Na hapa petu Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hata 64 ulionyesha kuwa yapata mtu 1 katika kila 4 anayo. Basi hesabu safu ya kwanza ya msikiti wako, ujue.

Hoja ya tatu ni ile ya marehemu sauti ya ndugu yangu: “Atafutaye ugonjwa huupata.” Neno hili ni tamu, lakini si kweli. Mizani haiongezi dhahabu wala haipunguzi. Huonyesha tu iliyopo. Na kipimo hakileti ugonjwa. Aliye nao anao, apimwe asipimwe.

Hoja ya nne ni haya na gharama. Ama haya, nimekwisha kukuonyesha haya yangu yalinunua nini. Na haya ya sharia ni kujizuia na ovu, wala si kujizuia na tiba. Na ikiwa tabibu hana budi kutazama penye uchi, sharia imeruhusu kwa haja na kwa kadiri ya haja; mwanamume amtafute tabibu mwanamume apatikanapo. Ama gharama, kupima nguvu ya damu ni jambo jepesi mno, na makohozi ya kifua kikuu hupimwa na kutibiwa bila malipo katika hospitali na zahanati za serikali. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote nayo ilipitishwa mwaka 2023. Mwenye uwezo asichelewe kujiandikisha. Tusiwe kama mtu aliyeona ghali kununua kufuli, akaja kununua mali yote upya.

Sasa niseme yafaayo kupimwa, kwani nasaha isiyo na maelezo ni kama kibla kisichoonyeshwa.

Kwanza ni nguvu ya damu, japo mara moja kila mwaka. Ukae kitako kwanza kwa dakika tano, usiseme, wala usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta tumbako. Ikiwa chini ya 120 kwa 80 ni njema. Ikifika 140 kwa 90 na kuzidi, katika siku mbali mbali, hayo ni maradhi, nayo yataka tabibu. Wala mtu asidanganyike: dawa yake hunywewa kila siku hata mtu akiona mzima, kama swala isivyoachwa kwa kuwa jana uliswali.

Pili ni sukari. Mtu apitishe usiku bila kula, kadiri ya saa nane au zaidi, kisha apimwe asubuhi. Ikiwa 7.0 na kuzidi kwa kipimo kitumiwacho hospitalini kwetu, na ikathibiti mara ya pili, ni kisukari. Mwenye tumbo kubwa, na mwenye mzazi au ndugu aliyekuwa nacho, asingoje. Sisi watu wa pwani tuna sharti la kujitazama zaidi, kwani halua, mahamri, na chai iliyojaa sukari ni katika heshima zetu. Na heshima ya mgeni haikatazwi, lakini haijawa fardhi kila alasiri.

Tatu ni macho, kwani presha ya jicho huiba nuru kidogo kidogo kutoka pembeni, na ilichokiiba hakirudi. Mwenye kusoma msahafu ajue thamani ya jambo hili.

Nne ni mambo ya wanaume wenye umri. Mwenye kuamka usiku mara nyingi kwa haja ndogo, au kukojoa kwa shida, amwone tabibu kwa tezi dume. Na mwenye kuona damu katika choo asiseme ni bawasiri tu mpaka tabibu aseme. Ama kipimo cha damu cha tezi dume kwa asiye na dalili, matabibu wenyewe wamehitilafiana, kwani huweza kuonyesha jambo ambalo lisingalimdhuru mtu maisha yake; basi mtu ashauriane na tabibu kwanza.

Na hapa pana tahadhari mbili. Moja, si kila kupima kuna faida. Mwaka 2019 wanazuoni wa tibabu walikusanya majaribio 17 ya kuwapima watu kila kitu kwa jumla, wakaona kuwa kwa jumla hakukupunguza vifo. Majaribio hayo yalikuwa katika nchi ambazo watu huonana na matabibu mara kwa mara. Lakini funzo lake ni kuwa faida imo katika kupima maradhi yajulikanayo, yenye tiba ijulikanayo, kisha kuifuata tiba yenyewe. Apimaye na kuitia karatasi mfukoni ni kama mwenye kuijua kibla akaswali akiipa mgongo. La pili, jihadharini na watu wazungukao mijini na kijisanduku, wakakushikisha kijiti mkononi, wakadai kukuonyesha maradhi yote ya mwili, kisha wakakuuzia dawa zao papo hapo. Hiyo si tibabu, na mali iliwayo hivyo ni batili.

Sasa nawaelekea ndugu walioko machimboni. Nimetangulia kutaja zaka. Mnajua kuwa fedha na bidhaa hungojea mwaka upite. Lakini dhahabu itokayo ardhini, katika madhhebu yetu, haingojei mwaka: ikitimia nisabu, nayo ni mithqali 20, ambazo wengi leo wazikadiria gramu 85, yapasa robo ya fungu la kumi, itolewe ikisha kusafishwa. Basi na miili yenu ifanyeni vivyo. Mtu wa dukani na angoje arubaini. Mtu wa duara na wa karasha asingoje arubaini, wala asingoje mwaka wa mwisho wa kazi.

Vumbi la jiwe la dhahabu si kama vumbi la njiani. Lina chembe nyembamba zisizoonekana, ziingiazo ndani ya mapafu zikakaa, na mapafu yakafanya makovu. Mara nyingi hudhihiri baada ya miaka kumi au zaidi, wala makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa. Na mwenye mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa wepesi zaidi kuliko wenziwe. Mchimbaji apigwe picha ya kifua. Jiwe limwagiwe maji kabla ya kupigwa ili vumbi lilale. Na akohoaye wiki mbili apeleke makohozi yake upesi. Kifua kikuu kina dawa, na kawaida yake ni miezi sita. Lakini asiyejua kuwa anacho humwambukiza mkewe na wanawe, na hata safu yake ya swala.

Ama zebaki, ikichomwa ili ibaki dhahabu, hugeuka mvuke usioonekana wala kunuka. Huingia kwa pumzi, ikadhuru neva na figo: mikono ikatetemeka, usingizi ukapotea, mtu akawa msahaulifu na mwenye hasira. Kwa ajili ya madhara yake mataifa yalifanya mkataba mwaka 2013, wakauita kwa jina la Minamata, mji wa Ujapani ambao watu wake waliangamia kwa sumu ya zebaki iliyotiwa baharini, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Basi aichomaye jikoni kwake, penye mke na watoto, ajue ya kuwa Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizo. Seuze kuwatia wengine.

Nimalizie kwa masuala niulizwayo sana. Je, kutolewa damu kwa kupimwa hubatilisha saumu? La, haibatilishi katika madhhebu yetu. Je, huvunja udhu? La, damu itokayo mkononi haivunji udhu wa Mshafi'i, bali ataiosha. Na aliyepewa kichupa cha mkojo au choo akipeleke kwanza ndipo aswali, wala asiswali hali amekichukua mfukoni hata kikiwa kimefungwa, kwani amebeba najisi. Na mwenye kisukari au presha, je, atafunga Ramadhani? Amwulize tabibu mwaminifu kabla ya mwezi kuingia, si siku aangukapo. Kwa hiyo nimeuchagua mwezi wa Shaabani kuwa mwezi wa kupimwa kila mwaka, na hapa madrasani nimewanasihi wazee wafanye hivyo.

Shaabani iliyopita meza iliwekwa tena barazani. Mara hii nilikaa mimi wa kwanza, nikakunja mkono wa kanzu mpaka juu ya kiwiko, wanafunzi wakiniona. Tarakimu zangu zilikuwa 132 kwa 84. Nyuma yangu walisimama watu, na wa mwisho wao alikuwa yule ndugu yangu, ameshikwa mkono na mwanawe. Hakuweza kusema, lakini alinyosha mkono wake wa kushoto mwenyewe.

Basi ewe ndugu usomaye, ikiwa wewe ni imamu, au mwalimu, au mzee wa mtaa, jua ya kuwa watu wanaitazama miguu yako ielekeako. Kaa, upimwe, nao watakaa.

Ewe Mola wetu, tupe afya katika miili yetu, na masikioni mwetu, na machoni mwetu. Utuponyeshee wagonjwa wetu, uwarehemu waliotutangulia, na usitujaalie kuwa sababu ya madhara kwa waja wako. Amin. Wabillahi ttawfiq.